Mkono Usiotikisika

Kazi ya Chujio ilikuwa kuangalia watu wakianguka, na mshahara aliupata kila mwisho wa mwezi kama wengine wenye kazi za heshima.

Watu walianguka kutoka kwenye ngazi, kwenye baiskeli, kwenye majukwaa ya harusi. Walianguka wakikimbizwa na bata. Bibi harusi mmoja aliangukia keki, na kwa jinsi keki yenyewe ilivyokuwa mbaya, ilistahili. Wote hao walirekodiwa kwa simu na ndugu zao wasio na huruma, wakatumwa kwenye namba ya kipindi cha Mbavu Zangu, na Jumamosi jioni watu walioketi kwenye makochi yao wakawacheka mpaka machozi. Lakini kabla ya watu wa makochi kucheka, kila video ilipita kwanza kwa Chujio, chumba cha mwisho kwenye korido, jirani na choo cha wanaume. Na Chujio hakuwa mwepesi wa kucheka. Ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo. Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye kitambulisho.

Kila video aliiangalia mara tatu. Mara ya kwanza aliiangalia kama mtu wa kawaida. Mara ya pili alizima sauti akahesabu nyuso, maana kila uso unaoonekana lazima usaini fomu ya ridhaa, hata kama ni uso wa shangazi aliyekuwa anajipitia na ndoo. Mara ya tatu alifumba macho akasikiliza.

"Unasikiliza nini, na mtu keshaanguka?" mtayarishaji wa kipindi aliwahi kumuuliza.

"Namsikiliza mshika simu, bosi. Haonekani, lakini ndiye msema kweli. Mtu akimwona mwenzake anaanguka kweli, mkono unaruka. Picha inakimbia darini, inakimbia kwenye miguu ya watu. Ukiona picha imetulia tuli mpaka mwisho, ujue aliyeshika simu alikuwa anasubiri. Hiyo wameipanga. Tupa."

Na kwa sheria hiyohiyo ndipo alipompata mwanamume wake.

Alikuwa fundi simu mwenye kibanda cha vioo kando ya kituo cha mafuta. Alituma video kumi na moja. Katika ya kwanza aliteleza kwenye ganda la ndizi. Katika ya pili aliteleza kwenye ganda lilelile, akitokea upande wa pili. Chujio alizitupa zote, na kwa kuwa utaratibu ulimtaka ampigie mtumaji kumweleza sababu, alimpigia mara kumi na moja.

"Dada, hata hii ya ndoo imekataliwa?"

"Imekataliwa, kaka. Ndoo ilipokuangukia ulikuwa umeshafumba macho."

"Nilitaka kupiga chafya."

"Na aliyekushikia simu alikuwa anahesabu moja, mbili, tatu za nini?"

Kikaja kicheko kilichoanzia puani, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo, kikashuka kifuani, kikatoka kizima. Chujio asiyecheka alijikuta ameikumbatia simu ya ofisi kwa mikono miwili.

"Iko siku nitakuletea ya kweli," sauti ilimwambia. "Utacheka mpaka uniombe nikuoe."

"Unaota mchana, wewe."

"Hujaniona tu."

Alimwona. Alikuwa mrefu, mwenye vidole vyembamba vya kufungulia skrubu ndogo kuliko chawa, na macho yaliyokutazama kana kwamba wewe ndiwe simu ya mwisho iliyobaki duniani na yeye ndiye mwenye chaja. Wanawake wenye akili zaidi ya Chujio wameangushwa na vitu vidogo kuliko hivyo. Akampa jina la Vituko. Miaka miwili ilikimbia kama wiki mbili, na sasa gauni lilikuwa kwa fundi cherehani na harusi ilibakiza majuma matatu.

Baba yake tu ndiye aliyekataa kuja.

Mzee alikuwa seremala. Mkewe alifariki binti akiwa na miaka minne, na tangu hapo alimlea peke yake: alimsuka nywele yeye mwenyewe, vibaya, akampeleka shule na vipande vya maranda kichwani. Miezi saba iliyopita, familia mbili zilipokutana nyumbani kwa dada yake Vituko kupanga siku ya harusi, mzee alikaribishwa kwenye kiti kikubwa cha mbao kilichowekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Alipoketi tu, mguu mmoja ulivunjika, akaenda chini chali, kikombe cha chai kikamfuata kifuani. Watu walicheka. Nyonga yake iliteguka, na toka siku hiyo anatembelea fimbo.

Ndani ya gari la kuwarudisha nyumbani, mzee alifungua koti akatoa kipande cha mbao.

"Baba! Umechukua mguu wa kiti cha watu?"

"Tazama hapa. Huku pamevunjika. Huku pamekatwa. Hii ni njia ya msumeno, mwanangu. Nimeushika miaka arobaini."

"Sitaki kutazama. Umenenepa, baba, kiti kimechoka. Yaishe."

"Kiti hakichoki kwa mstari ulionyooka."

"Hukumpenda toka siku ya kwanza! Unatafuta kisingizio. Unataka nizeekee jikoni kwako nikupikie mpaka ufe."

Mzee aliurudisha mguu wa kiti ndani ya koti, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Wiki iliyofuata Chujio alihamia chumba cha kupanga, na mjomba wake akakubali kumsindikiza siku ya harusi.

Sasa basi, Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, ikaingia video namba 4117. Aliyetuma alikuwa wifi yake mtarajiwa, dada yake Vituko.

"Wifiii, usinimeze!" aliandika. "Nimeikuta kwenye ile simu ya zamani aliyonipa kaka. Kumbe mtu alirekodi! Mzee wetu ni nyota jamani. Irusheni kabla ya harusi tucheke wote yaishe."

Chujio akaifungua.

Mara ya kwanza alicheka. Siyo vizuri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Miguu ya mzee ilipaa juu, na ikaonekana kwamba soksi moja ilikuwa nyeusi na nyingine ya bluu, na kikombe kilimgeukia kama kilikuwa na chuki naye ya siku nyingi.

Mara ya pili alizima sauti akahesabu nyuso. Moja, mbili, tano, nane. Ya tisa ilikuwa yake mwenyewe. Alijiona amesimama karibu na dirisha, mdomo wazi, mkono umeinuka. Haukuinuka kumshika baba yake, uliinuka kujiziba mdomo. Na mzee, akiwa pale chini na chai kifuani, macho yake yalikuwa yanazunguka chumbani yakimtafuta mtu. Yalimpata Chujio. Alikuwa anacheka.

Chujio aliweka kikombe chake mezani.

Mara ya tatu alifumba macho. Kulikuwa na kelele za watu, vijiko, mtoto analilia biskuti. Karibu kabisa na simu kulikuwa na mtu anapumua. Halafu sauti ya chini, ya kubembeleza, kama mtu anayemwita kuku:

"Kaa, mzee wangu. Kaa taratibu."

Kishindo. Na juu ya kishindo, kile kicheko chenye wimbo wa puani.

Ile siku Vituko alikuja mbio kutoka jikoni, taulo begani, akiuliza "Kuna nini? Kuna nini?" Alisema alikuwa anaosha glasi.

Chujio akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini. Aliiangalia mara ya nne. Pembeni mwa picha kulikuwa na ukingo wa pazia la mlango wa jikoni. Sekunde nne za mwanzo kiti kilikuwa kitupu. Nani anarekodi kiti kitupu? Na mzee alipokwenda chini, na mama mmoja alipopiga yowe, na sahani ilipopasuka, picha haikusogea hata upana wa kucha.

"Hee! Nani huyo?" Mtayarishaji alikuwa amesimama nyuma yake, tumbo limetangulia kwenye kiti chake. "Rudisha, rudisha. Hizo soksi! Chujio, hii ndiyo ya kufungia msimu. Usiniambie neno."

"Haina saini, bosi."

"Zitafute. Watu tisa tu hao. Namba zao si zipo?"

"Zipo," alisema Chujio. "Zote ninazo."

*

Vituko alifika saa sita, amevaa lile shati jeupe ambalo Chujio alimnunulia, kola imepigwa pasi. Chumba cha kuangalizia kilikuwa kidogo kiasi kwamba watu wawili wakikaa, magoti yanasalimiana. Siku zote walikuwa wanakifurahia kwa sababu hiyo.

"Umenikumbuka mchana mweupe," alisema, akainama ambusu. Chujio aligeuza shingo, busu likaangukia sikio. "He. Nimefanya nini?"

"Kaa."

Alikaa. Magoti yakasalimiana. Chujio akasogeza yake, akavuta fomu ya ridhaa, akafungua kalamu.

"Namba 4117. Mtumaji ni dada yako. Nina maswali manne, ni ya kawaida, unayajua."

"Dada ametuma nini?"

Chujio alibonyeza. Vituko alitazama. Chujio hakuangalia kioo, alimwangalia yeye. Na humo ndani ya moyo wake, msomaji, mwanamke huyu aliyetupa mamia ya video za uongo alikuwa anaomba uongo mmoja tu. Sema simu ilikuwa kwenye rafu, ikajirekodi yenyewe. Sema mkono wako ulikufa ganzi. Sema lolote, mpenzi, nitalimeza bila maji.

"Swali la kwanza. Mshika simu ni nani?"

"Mpenzi..."

"Jina."

"Ni mimi. Unajua ni mimi."

"La pili. Mshika simu alikuwa wapi?"

"Jikoni. Nyuma ya pazia. Sikiliza, niliogopa kukuambia kwa sababu mzee aliumia, nikaona..."

"La tatu. Je, mshika simu alijua kabla kwamba kiti kitavunjika?"

Nje kwenye korido mtu alipita akipiga mluzi, akafungua mlango wa choo, akaufunga. Vituko alitazama mikono yake.

"Nilikata kidogo tu," alisema.

Chujio aliandika. Herufi zake zilikuwa nzuri, za mviringo, hata moja haikupinda.

"Kidogo kiasi gani?"

"Nusu. Hata nusu haikufika! Nilidhani atayumba tu, ashtuke, ashike meza, tucheke, basi. Nani alijua ataenda chini mzimamzima? Ningejua, si ningemshika?"

"Ulikuwa umeshika simu."

"Usiniangalie hivyo."

"Kwa nini yeye? Ulikuwa na rafiki zako. Ulikuwa na maganda ya ndizi."

"Kwa sababu yako!" Alimshika kiganja, vile vidole vyembamba, na kiganja cha Chujio, kijinga kama viganja vyote, kilipata joto. "Video kumi na moja umenirudishia. Mara naigiza, mara nimefumba macho. Nikasema nitamletea mwanamke huyu kitu cha kweli, mtu asiyejua kuigiza. Na baba yako ndiye mtu wa kweli kuliko wote ninaowajua. Halafu vile alivyonidharau siku ya kwanza, unakumbuka? 'Mwanamume anayeishi kwa kuchekesha watu.' Nilitaka tu ashuke kidogo, tuwe sawa. Nikaja kuona ameumia, nikaificha. Sikuituma! Hilo huliandiki? Miezi saba sikuituma!"

"Hukuituma, lakini hukuifuta."

Vituko alikiachia kile kiganja.

"Miezi saba," alisema Chujio, "nimekuwa nakupigia simu nikilia. Nikikwambia baba yangu amezeeka vibaya, amekuwa mwongo, anamsingizia mtu mwema. Ulikuwa unanijibu nini?"

"Nilikwambia umsamehe."

"Ulinambia nimsamehe." Alirudia polepole, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Nimsamehe yeye."

Vituko alianza kulia. Machozi ya kweli. Chujio alijua kuyatofautisha. Alikuwa mzuri hata akilia, na hilo nalo lilikuwa chungu. Alisema ataenda kupiga magoti kwa mzee. Atamtengenezea kiti kwa mikono yake. Atasaini chochote. Alisema "mke wangu," na Chujio alifumba macho kidogo, maana neno lile alikuwa amelisubiri kwa miaka miwili lije kwa sauti ileile.

Alipokuwa amefumba macho hivyo, karibu amsamehe. Lazima lisemwe. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyoosha vidole.

"Ila..." Vituko alifuta pua. "Niulize kitu? Usikasirike."

"Uliza."

"Ingepita?"

Chujio alifumbua macho.

"Nauliza tu. Kwa kazi. Ingepita?"

"Imepita," alisema Chujio. "Bosi ameichagua ifungie msimu."

Na alimtazama kama anavyotazama mara ya pili, sauti imezimwa, akisoma uso peke yake. Ilikuja na ikaondoka haraka sana. Mtu mwingine asingeiona. Nyusi zilipanda. Vishimo vya mashavuni vikafunguka chini ya machozi. Ilikuwa furaha, furaha tupu ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, kabla hajakumbuka kuifunika kwa huzuni.

Chujio aliurudisha mkono wake mapajani.

"Swali la nne," alisema. "Tukio lilikuwa la kweli, au lilipangwa?" Akaweka alama mwenyewe kwenye kisanduku cha pili, akamgeuzia karatasi. "Saini hapa. Mshika simu."

"Na sisi je?"

"Saini."

Alisaini. Mkono wake ulikuwa unatetemeka sana, kalamu ikatoboa karatasi. Chujio aliutazama mkono ule ukitetemeka na akafikiri, leo ndiyo umejua kutikisika.

"Shati lako la bluu liko kwangu," alimwambia mlangoni. "Nitamwachia dada yako. Na fundi cherehani nitampitia mwenyewe leo, asiendelee kushona."

"Nitakupigia."

"Utaratibu ni mimi kupiga," alisema Chujio, "na sababu ya kukataliwa umeshaipata."

Alipobaki peke yake, alimpelekea bosi fomu. Bosi alilalamika mpaka miwani ikamtoka, akasema watazamaji hawajali kilichopangwa na kisichopangwa. Chujio alimwambia atafute mtu mwingine wa kumpigia yule mzee kuomba saini. Bosi akauliza kwa nini. "Kwa sababu ni baba yangu," alisema, akachukua mkoba wake.

*

Karakana ilikuwa ubavuni mwa nyumba aliyokulia. Mzee alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, uzito wote ameuweka kwenye mguu mmoja, fimbo imeegemea ukuta. Hakuacha kazi. Maranda yalikuwa yanadondoka kwa mikunjo, yanamjaa viatuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo siyo Jumapili."

"Ndiyo." Alitoa simu kwenye mkoba. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamepotea. "Baba, nimeona. Ilirekodiwa. Ulisema kweli. Yote uliyosema, kweli. Ninayo hapa, ukitaka kuangalia."

"Niangalie nini? Mimi nilikuwepo."

"Baba..."

"Nilikwambia kwa mdomo," mzee alisema, na randa likapita ubaoni, shwaa. "Mdomo wa baba yako haukutosha. Mpaka ulipoona kwenye simu." Shwaa. "Ule mguu wa kiti uko pale juu ya rafu, kando ya kopo la gundi. Miezi saba. Kila Jumapili ulikuwa unakuja kusimama hapo hapo ulipo, unaangalia saa, unaondoka. Ungeinua tu macho."

Chujio aliinua macho. Ulikuwepo. Upande mmoja ulikuwa na nyuzi za mbao zilizochanika. Upande mwingine ulikuwa mlaini, umenyooka, na meno madogo ya msumeno yamejipanga. Hata mtoto angeona.

"Harusi haipo," alisema.

Randa lilisimama.

"Sikusema usiolewe," mzee alisema, sauti imeshuka. "Sikuwahi kusema hivyo. Nilisema utazame."

"Najua."

"Na ya jikoni. Uliyosema kwenye gari."

"Najua, baba. Nayajua yote niliyosema." Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. "Nilicheka, baba. Ulikuwa unanitafuta kwa macho, na mimi nilikuwa nacheka."

Mzee hakusema kwamba haidhuru. Hakuwa mtu wa kusema kisicho kweli ili kumfariji mtu; kama angekuwa hivyo, mambo yote haya yangekuwa mepesi. Alipangusa kiti kimoja kwa kiganja, kiti kipya ambacho hakijapakwa rangi, akakivuta karibu na binti yake.

"Kaa," alisema.

Mwili wa Chujio ulishtuka kwa neno lile. Aliinama, na kabla hajajua anafanya nini, mkono wake ulikwenda ukakamata mgongo wa kiti, ukakisukuma mbele, ukakisukuma nyuma, ukateremka mpaka kwenye mguu kuupapasa kama una mkato.

Kiti kilikuwa imara. Kila kiti kilichotoka mikononi mwa mzee yule kilikuwa imara.

Alipoinua uso, baba yake alikuwa ameuona ule mkono. Mzee aliyeanguka mbele ya watu wa kila namna bila kutoa chozi alichukua fimbo yake, akageukia ukutani, na mabega yakaanza kumtikisika.